Makopo mawili, si moja: oili ya giaboksi, transfa na difu kwenye Hilux ya zamani

Swali: Shikamoo fundi. Nina Hilux LN106 ya mwaka 1993, dizeli, giaboksi ya mkono, niliyoinunua kwenye mnada miaka miwili iliyopita. Nabeba viazi kutoka Matamba kushuka Chimala. Tangu fundi wa hapa kijijini amwage oili na kuweka namba 140 kila mahali, gia ya pili inagoma asubuhi mpaka niende kilomita tatu au nne. Difu ya mbele hakuigusa kabisa, anasema isiyolia haifunguliwi. Tena nyuma ya tairi la mbele kushoto kunachuruzika uchafu wa kahawia. Je, oili moja inatosha gari zima? Na nikifungua ile difu ya mbele, si nitaamsha magonjwa yaliyolala?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na gia ya pili kwa kuwa ndiyo inayokusumbua kila siku, ingawa siyo inayonitia hofu mimi. Ya hofu nitaifikia.

Giaboksi yako haijafa. Ndani yake, mbele ya kila gia ya kwenda mbele, kuna pete ya shaba njano. Ukikanyaga klachi na kusukuma mkono wa gia, pete hiyo hujibana kwenye koni ya gia na kuisugua mpaka mizunguko ya pande mbili ilingane, ndipo meno huingia bila kelele. Ili pete ishike koni, lazima kwanza iisukume pembeni ile ngozi ya oili iliyo katikati yao. Oili nzito iliyolala nje usiku kucha haisukumiki. Matamba ninaijua wakati wa kipupwe. Mwezi wa 6 na wa 7, juu kidogo ya hapo, kule Kitulo, umande hugandia kwenye majani. Oili ya 140 alfajiri ya namna hiyo ni kama asali iliyosahauliwa kwenye chupa: unainamisha, unasubiri. Gia ya pili huumia kuliko nyingine kwa sababu ndiyo inayotakiwa kuziba pengo kubwa la mwendo, hasa unapotoka kwenye ya kwanza au kurudi kutoka ya tatu. Baada ya kilomita tatu au nne oili imepata joto, imelegea, na pete inafanya kazi yake. Ugonjwa uko kwenye kopo. Usikubali mtu akuuzie giaboksi.

Sasa tusome kopo. Namba ya mbele yenye herufi W inahusu baridi: oili ya 75W imepimwa kwamba bado inatembea kwenye nyuzi joto 40 chini ya sifuri, 80W kwenye 26 chini ya sifuri, na 85W kwenye 12 chini ya sifuri. Namba ya pili inahusu joto, na hupimwa oili ikiwa nyuzi 100. Hapo oili ya 90 ina mnato (yaani uzito wake wa kutiririka, hupimwa kwa sentistoki) wa kuanzia sentistoki 13.5 hadi karibu 18.5, na ya 140 huanzia 24. Kwa hiyo 140 siyo 90 iliyoongezwa kidogo. Ni karibu mara moja na nusu hadi mara mbili ya uzito. Na kama kopo lako lina 140 peke yake, bila herufi W, basi halijaahidi chochote kuhusu baridi.

Wengi hupotoshwa na jambo moja hapa. Namba za oili ya gia hazilingani na namba za oili ya injini. Oili ya gia ya 90 ikiwa ya moto ina uzito uleule wa oili ya injini ya 40 au 50. Mtu anaona 75W-90 kwenye kopo, anaimimina, anaona inatiririka kirahisi, anadhani ameuziwa maji. Siyo maji. Ndivyo inavyotakiwa kuwa, na kwa safari yako ndiyo inayofaa, kwa sababu gari lako linaishi katika hali za hewa mbili kwa siku moja. Linawashwa kwenye baridi ya Matamba, linashuka kona zile hamsini na saba za barabara ya Chimala, na saa tatu asubuhi liko kwenye joto la bonde la Usangu. Mchana linapanda tena.

Uzito ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni zile herufi GL kwenye kopo, GL-4 au GL-5, zinazoonyesha daraja la oili, na hapo ndipo swali lako la oili moja linapojibiwa.

Ndani ya difu, lile boksi la katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa matairi mawili, kuna krauni, gia kubwa la duara, na pinion, gia dogo linaloizungusha. Pinion haiingii katikati kabisa ya krauni, imeshushwa chini ya mstari wa katikati. Faida yake ni meno makubwa yenye nguvu na propela, ule mhimili unaoleta nguvu kwenye difu, inayopita chini. Gharama yake ni kwamba meno hayaviringiki tu, yanateleza pia huku yamebanwa kwa nguvu nyingi, na mteleko huo hufuta oili ya kawaida kama kitambaa kinavyofuta meza. Ndiyo maana oili ya difu huwekewa dawa ya salfa na fosforasi, ile yenye harufu kali inayokaa mikononi siku mbili. Joto la mbanano likipanda, dawa hiyo hujenga utando kwenye chuma na kuzuia meno yasilane. GL-5 ina dawa hiyo nyingi, kwa kawaida karibu maradufu ya GL-4. Difu zako zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zinataka GL-5. Ukitia GL-4 kwenye difu inayobeba viazi kupanda mlima, krauni italika, na haitakupa onyo la muda mrefu.

Giaboksi na transfa, lile boksi linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma, ni mambo mengine. Meno yao yamekaa sambamba, hayana mteleko ule, hivyo hayahitaji dawa nyingi kiasi hicho. Na giaboksi ina zile pete za shaba. Dawa ya salfa iliyo kali huweza kuila shaba polepole, na hata isipoila, utelezi wake huifanya pete ichelewe kushika. Nikuambie ukweli wote: Toyota kwa giaboksi hizi wanaruhusu 75W-90 ya GL-4 au GL-5, na GL-5 nyingi za siku hizi haziidhuru shaba kama zile za zamani. Kwa hiyo, kama 140 aliyotia ni ya GL-5, fundi wako hakufanya kosa la kuua gari kwa upande wa GL. Lakini kwa pete zenye umri wa miaka thelathini na zaidi, ambazo tayari zimepungua meno, mimi natia GL-4 na naona tofauti mkononi.

Basi nunua makopo mawili: GL-4 75W-90 kwa giaboksi na transfa, na GL-5 80W-90 kwa difu mbili. Ukikosa 75W-90 ya GL-4, chukua 80W-90 ya GL-4, bado utapona asubuhi. Kama unazidisha mzigo na unataka difu ya nyuma iwe na oili nzito zaidi, unaweza kutia 85W-140 ya GL-5 humo, kwani difu haina pete za kugoma. Dizeli itaongezeka kidogo, basi. Nunua kwenye duka linalouza oili kwa jumla, Mbeya mjini kwa mfano, na kagua lakiri ya kifuniko. Oili ya kupimiwa kwenye chupa ya maji usiinunue hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Tahadhari moja kwa msomaji mwenye gari lingine: haya nayasema kwa Hilux ya zama hizi, yenye transfa ya meno. Pikapu nyingine zina transfa ya mnyororo, na nyingi kati ya hizo, kama Ford Ranger zenye transfa ya BorgWarner, hutumia oili ya giaboksi otomatiki. Usiige. Na kama difu ya nyuma ni ile inayojibana yenyewe (limited slip), tafuta oili iliyoandikwa kuwa ni ya difu za aina hiyo.

Tuje kwenye kufungua. Endesha gari kilomita kumi au kumi na tano kwanza ili oili ipate joto na iinue taka zilizotulia chini. Tafuta sehemu tambarare kweli, najua huko kwenu ni kazi, lakini gari likiinama, kipimo chote kitakuwa cha uongo. Usiliinue upande mmoja kwa jeki. Hilux iko juu, utaingia chini yake bila jeki. Weka mawe kwenye matairi. Kisha, kabla hujagusa plagi ya chini, fungua plagi ya juu, ya kujazia. Plagi nyingi za Toyota hizi huchukua spana namba 24; tumia ya duara, siyo ya mdomo wazi. Sababu ya kuanza juu ni hii: plagi ya difu ya mbele ambayo haijafunguliwa miaka mingi inaweza kukataa kabisa. Ukiwa umeshamwaga oili chini ndipo ugundue huwezi kujaza, umelala hapohapo na gari halina oili. Ikikataa, paka dizeli, gonga kichwa chake kwa nyundo mara kadhaa, subiri, jaribu tena. Ikishindikana, funga uende kwa mwenye gesi ya kupasha. Hujapoteza kitu.

Ikifunguka, chovya kidole kabla ya kumwaga. Oili ifike kwenye ukingo wa chini wa tundu. Kama kidole hakifiki oili, umeshajua kitu. Kisha mwaga kwenye beseni safi, uisome, kwani oili ya zamani ndiyo historia pekee ya gari la mnada. Nyeusi na yenye harufu kali ni uzee tu. Ya rangi ya chai ya maziwa ina maji. Vumbi la kung'aa kama dhahabu kwenye oili ya giaboksi ni zile pete za shaba zinalika, na kidogo kwa gari la umri huo ni kawaida. Ujiuji wa kijivu kwenye sumaku ya plagi, kama plagi yako ina sumaku, ni kawaida pia. Lakini ukikuta vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kucha, hiyo ni beringi au jino, na hapo gari lisishuke na mzigo mpaka sehemu hiyo ifunguliwe.

Kama ni chai ya maziwa, usisafishe kwa dizeli kama wengi wanavyofanya. Dizeli hubaki kwenye mirija ya ekseli na kuilegeza oili mpya. Jaza GL-5 mpya, endesha kilomita hamsini bila mzigo, mwaga, jaza tena. Ni oili ya ziada, lakini ni nafuu kuliko beringi.

Kujaza tumia pampu ya mkono, au mpira mrefu wenye faneli unaoning'inizwa juu ya boneti. Jaza mpaka oili ianze kumwagika yenyewe tunduni, iache itulie, funga. Badilisha washa za plagi, ni vitu vya pesa ndogo sana. Giaboksi ikiwa chini mno huku transfa ikimwaga kupita ukingo ulipofungua, usishangae: sili iliyo katikati yao imekufa na oili inahama kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Hiyo utaishi nayo kwa muda, ukipima kila mwezi.

Na hofu yako ya kuamsha magonjwa? Nimeisikia tangu nikiwa mwanagenzi. Mtu anabadilisha oili, wiki ijayo sili inavuja, anasema oili mpya imeiua. Sili ilikuwa imeshakakamaa. Tope na oili iliyooza ndivyo vilivyokuwa vimeziba. Difu isiyolia inaweza kuwa haina hata nusu ya oili yake. Ya kwako ya mbele naishuku hivyo hasa, na nitakuambia kwa nini.

Ule uchafu wa kahawia. Nyuma ya tairi la mbele kuna tufe la chuma, na ndani yake jointi inayozungusha tairi huku likikata kona. Tufe hilo halikai oili, linakaa grisi nyeusi ya molibdenamu. Kati yake na difu kuna sili ndogo ya ekseli. Ikifa, oili ya difu hutambaa mpaka kwenye tufe, inachanganyika na grisi, inakuwa mchuzi, na mchuzi hutokea nyuma pale unapouona. Kwa hiyo uchafu wa tairi la kushoto na difu usiyotaka kuifungua ni ugonjwa mmoja. Difu inakauka, jointi inapoteza grisi yake, na mchuzi unaweza kufika kwenye beringi za tairi. Tiba ni kuteremsha upande wote: sili ya ekseli, sili ya nyuma ya tufe pamoja na kitambaa chake, kukagua beringi ndogo za juu na chini, kusafisha jointi na kuijaza grisi ya molibdenamu namba 2, mpaka kama robo tatu ya tufe. Beringi za tairi zipewe grisi ya lithiamu ya kawaida. Ni kazi ya siku nzima kwa upande mmoja, na ukifanya kushoto fanya na kulia. Mpaka ufikie hapo, pima oili ya difu ya mbele kila wiki.

Sasa lile la hofu. Kila difu ina kipumulio, kidude kama kofia juu ya ekseli. Difu ikipata joto hewa ndani hupanuka na kutokea hapo. Tope likikiziba, hewa hutafuta njia nyingine na kusukuma oili kwenye sili. Kwenye ekseli ya nyuma, sili za pembeni ziko jirani na breki. Oili ikiingia kwenye ngoma, viatu vya breki huloa, na kiatu kilicholoa oili hakishiki. Fikiria hivyo ukiwa kona ya thelathini na gunia za viazi nyuma. Mimi niliwahi kubadilisha sili za nyuma za Hilux moja mara mbili ndani ya miezi mitatu, mwenye gari akirudi na ngoma zilizolowa, kabla sijapanda kugusa kile kipumulio na kukuta ni udongo mtupu. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa, kwa sababu yule bwana alikuwa akibeba watu. Tangu hapo hakuna difu ninayoifunga bila kupuliza kipumulio chake.

Kwa hiyo kabla ya yote, wiki hii, hata kama pesa ya oili haijapatikana: angalia ndani ya matairi ya nyuma. Ukiona ulowevu unaoshuka kwenye sahani ya breki, fungua ngoma. Viatu vilivyolowa usivipake petroli na kuvirudisha, oili imeshaingia ndani yake. Weka vipya na sili mpya. Safisha vipumulio vyote viwili. Ukipenda, vifungie mpira mwembamba uupandishe mpaka chini ya bodi, ili hata ukivuka maji visizame. Difu ya moto ikiingia mtoni hewa yake husinyaa ghafla na kuvuta maji, na hapo ndipo chai ya maziwa inapoanzia.

Jambo la mwisho linahusu zile kona zenyewe. Hilux hii haina difu ya katikati. Ukiwa umefunga habu za mbele, zile kufuli za katikati ya matairi, na kuingiza fowili, yaani magurudumu manne, kwenye barabara kavu, matairi ya mbele na ya nyuma yanataka kwenda umbali tofauti kwenye kila kona, na hakuna pa kuachia, hivyo mnyongo unajikusanya kwenye transfa, krosi (viungo vya propela) na difu. Mkono wa fowili ukigoma kutoka, ndiyo huo. Kwenye matope ya masika ingiza, tairi litateleza na mnyongo utaachia. Kiangazi toa. Ila usiiache difu ya mbele imelala miezi: mara moja kwa mwezi funga habu na uendeshe kilomita kumi na tano hivi mkono ukiwa kwenye magurudumu mawili, izunguke na oili ipande juu kwenye beringi. Hiyo haina mnyongo.

Kwa kazi yako badilisha oili hizi kila kilomita 20,000, ambapo mwenye gari la lami angeenda 40,000. Piga grisi krosi na spilaini za propela kila ukimwaga oili ya injini. Andika tarehe na kilomita kwa rangi ndani ya boneti. Na oili chafu, wazee huipaka kwenye nguzo za uzio kuzuia mchwa; hilo sawa, mradi isimwagwe karibu na mfereji, kwani maji ya Kitulo yanashuka kwenda kwa wakulima wa mpunga wa Usangu.

Ukifungua difu ya mbele, niandikie umekuta oili kiasi gani na ya rangi gani.